Majibu Matatu, Mlango Mmoja

6 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Najua hujasema shikamoo, lakini nimeamua kuitikia mapema ili tusipoteze muda.

Mimi ni mzima kiasi. Karakana ipo. Mashine saba zinafanya kazi na ya nane inapumzika kwa sababu aliyekuwa akiikalia ameolewa. Yule wa ovaloki, mashine ya kufunga kingo za kitambaa, bado anaimba, na bado hajui. Mwezi uliopita tumeshona mapazia ya hosteli nzima, vyumba tisini. Yamerudi ya dirisha moja tu, na hilo nalo kosa lilikuwa la fundi wao wa alumini, si langu.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu zetu mbili za mwisho ulizikata wewe. Barua huwezi kuikata nikiwa katikati ya sentensi. Hata ukiichana, nitakuwa nimeshamaliza kusema.

Shida yangu ni hii. Jicho la kushoto limeziba. Kila kitu nakiona kama kupitia pazia la neti, na la kulia nalo limeanza. Daktari anasema ni mtoto wa jicho, upasuaji mdogo, unaingia asubuhi unatoka jioni. Lakini hawanipokei mpaka awepo ndugu wa kutia sahihi na kunirudisha nyumbani nikiwa na bandeji. Wakaniuliza, "Ndugu yako ni nani?" Nikataja jina lako. Sina lingine la kutaja, na hilo unalijua kama ninavyolijua mimi. Tulibaki wawili wewe ukiwa na miaka minane na mimi kumi na tisa, na tangu hapo hakuna aliyeongezeka.

Tarehe waliyonipa ni 20 Juni. Nimekupa zaidi ya miezi minne. Hata mteja msumbufu nikimpa miezi minne huwa ameshaleta kitambaa. Jibu ninalolitaka ni fupi: unakuja au huji?

Dada yako

*

11 Machi

Shikamoo Dada,

Pole sana na jicho. Barua yako ilifika imelowa pembeni, lakini maneno yote yalisomeka, hata yale uliyoyakandamizia kalamu.

Mimi sijambo. Chumba ni kilekile, ghorofa ya nne, dirisha linatazama ukuta wa ghala na taa ya barabarani ambayo sijawahi kuiona imezimwa. Nimetundika shuka. Siku hizi nafanyia kazi humuhumu chumbani, kwa hiyo kuna wiki sauti yangu naisikia nikiwa dukani tu, nikiomba mkate.

Uliwahi kuniuliza kwa simu kazi yangu ni kazi gani, na mimi nikakasirika badala ya kukueleza. Nikueleze sasa. Kuna michezo ya video ambayo mchezaji anakuwa mtu ndani ya hadithi. Anatembea, anakutana na watu, na mtu akimsemesha, kwenye skrini yanatokea majibu, mara nyingi matatu. Anachagua moja. Mimi ndiye ninayeandika anachoambiwa na yale majibu anayoweza kujibu. Kwa jinsi anavyochagua, mchezo unamjua ni mtu wa namna gani, mpole, mkali au mtani, na watu wa mle ndani wanaanza kumchukulia hivyo.

Ndani ya kifurushi hiki utakuta mashine ndogo ya kushika mkononi. Mchezo wetu mpya umo tayari. Haujatoka bado, kwa hiyo usiwaonyeshe watu. Maandishi nimeyakuza kwa ajili ya jicho lako. Kitufe cha kijani ni cha kukubali, chekundu kinakurudisha nyuma. Mle ndani wewe ni mgeni aliyefika katika mji wa milimani kumtafuta ndugu yake. Mengine utayaona.

Kuhusu Juni, ratiba ya kazi bado haijakaa sawa. Nitakwambia.

Mdogo wako

*

2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, na safari hii umeistahili.

Nilikuuliza unakuja au huji, umenitumia kitu cha kuchezea. Na hiyo "nitakwambia" yako si jibu, ni pindo lililobandikwa pini. Ukivuta kidogo linaachia.

Hata hivyo nimeucheza. Nacheza palepale karakanani wengine wakishaondoka, maana nyumbani viti ni vinne na mimi nakalia kimoja. Sikuwa na nia ya kuupenda, na bado sijaupenda. Nina malalamiko matatu.

La kwanza. Niliingia duka la taa. Mwenye duka, mwanamke amejifunga kitambaa cha kijani, hakuinua hata uso. Akasema, "Funga mlango, baridi haina adabu." Halafu akasema, "Umekula, au umeshiba maneno?" Mdogo wangu, hayo ni maneno yangu. Nilikuwa nakwambia hivyo ukitoka shule, mimi nimeinamia ile mashine ya kwanza, ya kukanyaga kwa miguu. Na kitambaa ni changu pia. Hakuna siku niliyokata kitambaa cha mtu bila kumuuliza.

La pili. Duka la mwokaji mikate lilishika moto. Watu wote wa mji wamesimama wanatazama. Mimi nikachota maji kisimani, nikabeba ndoo, nikarudi, nikabeba tena, mpaka kidole gumba kikafa ganzi kwa kubonyeza. Moto ukazimika. Mwokaji akatoka analia, yakaja majibu yako matatu. Moja lilikuwa "Pole sana, rafiki yangu." La pili ni kichekesho kuhusu mikate iliyoungua. La tatu, "Aliyeacha tanuri wazi si wewe?" Nikachagua la tatu, kwa sababu ndiyo kweli, na asipoambiwa ataliacha wazi tena. Basi mchezo wako ukaniandikia ukali. Kufika mwisho wa sura, mji mzima unaniita Jiwe, na nikigonga nyumba za watu wananichungulia dirishani hawafungui. Na wale waliokuwa wamesimama na mikono mifukoni wako ndani, wanakunywa supu. Mchezo gani huu unaohesabu maneno na hauhesabu ndoo?

La tatu. Mlinzi wa lango. Nilichagua jibu la kwanza, akafungua. Nikarudi nyuma kwa kitufe chekundu, nikachagua la pili, akafungua. La tatu, akafungua. Majibu matatu, mlango mmoja. Ungekuwa fundi wangu ningekwambia uchukue futi kamba yako uende.

Nasubiri jibu la Juni. Tena nalihitaji kwa kalamu.

Dada yako

*

5 Mei

Shikamoo Dada,

Natumaini la kulia halijazidi. Msalimie wa ovaloki, mwambie hata huku tunamsikia.

Nilicheka barua yako mpaka jirani akagonga ukuta. Nikafurahi, maana ilikuwa mara ya kwanza kunigongea. Kwa kawaida hana sababu.

Kuhusu mlinzi, umenikamata, lakini acha nijitetee. Lango lile lazima lifunguke, hadithi iko upande wa pili. Majibu hayapo kwa ajili ya lango. Yapo ili mchezaji ajue yeye ni nani anapoingia. Mlango ni uleule, anayeingia ndiye anayetofautiana.

Kuhusu ndoo sina utetezi. Nimeifikiria wiki nzima. Nilienda kwa mkuu wangu nikamwambia kuna mchezaji mmoja amelalamika, akaniuliza ni wa umri gani, nikasema wa umri wa kulalamika. Hakucheka.

Lakini nikwambie jambo, na usilikasirikie kabla hujafika mwisho. Mwokaji hakuziona ndoo. Alikuwa ndani, moshi machoni. Alichokipata kutoka kwako ni sauti peke yake, tena sentensi moja. Mimi nilikuwa na miaka minane. Nikiingia mlangoni nilisikia "Umekula, au umeshiba maneno?" na niliamini miaka mingi kwamba maana yake ni "Umerudi tena?" Sahani ilikuwepo jikoni kila siku, imefunikwa. Mimi niliiona kama vile imejifunika yenyewe. Nilikuja kujua sahani hazijifuniki nilipoanza kuishi peke yangu.

Ndiyo maana nimemweka yule mwenye duka. Sikuomba ruhusa kwa sababu ningelazimika kueleza.

Na bado hujamaliza duka lake. Rudi. Ukisimama mbele yake utaona orodha: Nunua, Uza, Ondoka. Shusha chini zaidi. Kuna jibu la nne, "Umelalaje, mama?" Ukimuuliza hivyo, anaweka taa chini na kukutazama. Anachosema sikwambii. Katika majaribio walicheza watu mia moja, na waliomuuliza walikuwa wanne. Mkuu wangu anataka sehemu hiyo iondolewe kwa sababu kazi ya wiki tatu imeonwa na watu wanne.

Juni naijua. Sijaisahau.

Mdogo wako

*

24 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Jicho la kulia limezidi. Juzi nimekata pazia la watu kwa upande wa kushoto badala ya wa kulia, mara ya kwanza tangu nianze kazi hii. Nimelishona upya kwa kitambaa changu na sikumwambia mtu. Wa ovaloki aliona, akaacha kuimba mpaka saa ya kufunga. Heri angeendelea tu.

Wanne kati ya mia. Wewe unaona watu hawana utu, mimi naona kosa la fundi. Jibu umeliweka chini ya "Ondoka". Mtu akishaona "Ondoka" anajua orodha imeisha, anabonyeza, anakwenda zake. Ukiweka dirisha nyuma ya kabati usilalamike kwamba hakuna anayechungulia. Lipandishe juu kabisa, juu ya "Nunua". Halafu uhesabu tena.

Kuhusu mwokaji na moshi, nimesoma mpaka mwisho kama ulivyoomba.

Nilirudi dukani. Nilishuka chini ya orodha nikamuuliza. Aliweka taa chini. Akasema, "Sijui. Sijazoea kuulizwa. Subiri nifikirie." Niliizima mashine. Hayo maneno sikuwahi kuyasema mimi, si kwako wala kwa mtu mwingine. Umeyatoa wapi?

Haya. Kwa kuwa maswali ya kawaida huyajibu, nakuandikia kwa namna ya kazi yako. Tia alama kwenye moja, urudishe karatasi hii.

*Unakuja tarehe 20 Juni?*

*1. Nakuja.*

*2. Siji.*

*3. Siji, na nitasema kwa nini.*

*4. (Kaa kimya.)*

Hilo la nne nimeliweka kwa sababu nakujua.

Dada yako

*

28 Juni

Mdogo wangu,

Samahani kwa ukubwa wa herufi. Jicho moja lina bandeji na lingine ni lile bovu.

Ulichagua la nne. Sawa.

Aliyenipeleka ni yule wa ovaloki. Alivaa viatu vyake vya harusini. Kwenye fomu, penye nafasi ya uhusiano, aliandika "dada" bila kuniuliza, kisha akanitazama kana kwamba nitamkata mshahara. Wodini tulikuwa wanawake sita, na kila mmoja ana mtu wake pembeni anamsumbua na mto. Nesi aliniuliza, "Na ndugu yule tuliyemwandika?" Nilikuwa na majibu kadhaa tayari, mengine makali, unanijua. Nikasema, "Yuko njiani." Sijui kwa nini nilichagua hilo. Akasema, "Basi tutamwachia nafasi," akavuta kiti kitupu karibu na kitanda changu, kikakaa hapo mchana kutwa.

Siku za bandeji hazina kazi. Huwezi kupima, huwezi kukata, unasikiliza mashine za karakana zikifanya kazi chini na wewe umelala nyumbani, ghorofa ya juu yake. Nikawa nazikumbuka barua zetu, nilichoandika mimi na ulichoandika wewe. Mimi nilikuuliza unakuja au huji, nikauliza tena, nikauliza kwa namba. Nilikusomea malalamiko yangu kwa mpangilio. Wewe uliniandikia kwamba dirisha lako limetundikwa shuka na taa haizimwi. Hiyo ni barua yako ya Machi. Mimi nina karakana ya mapazia, nimefunika madirisha ya nusu ya mji huu, na sikusema lolote. Nilipita juu yake kama sikuiona.

Nimepima vyumba vingi vya watu, mdogo wangu. Unaingia, unapanda kiti, mwenye nyumba anakushikia ncha ya futi kamba, watoto wanagombana chini yako. Nikishuka huwa najua urefu wa kila kitu mle ndani. Chumba chako sikijui hata kina kuta za rangi gani.

Dirisha lako lina upana gani na urefu gani? Leo sina swali lingine.

Dada yako

*

15 Julai

Shikamoo Dada,

Upana sentimita 142, urefu 118. Nimepima mara mbili. Kuta ni za kijivu, zilikuwa nyeupe.

Nimeanza na vipimo kwa sababu ndivyo ulivyouliza, na kwa sababu hili linalofuata ni gumu.

Karatasi yako ilinifikia tarehe 9 Juni. Nilitia alama kwenye la kwanza. Sikuirudisha kwa posta, nilijua mimi mwenyewe nitafika kabla yake. Tarehe 19 nilikwenda kituo cha mabasi, tiketi mfukoni, begi miguuni. Nikakaa kwenye benchi nikitafuta sentensi ya kwanza. Utafungua mlango na bandeji yako, au hujafungwa bado, na mimi nitasema nini? Shikamoo, sawa. Baada ya shikamoo? Niliandika kichwani, nikafuta. Niliandika nyingine, ikasikika kama ya kwenye mchezo, nikafuta. Basi likaitwa mara ya kwanza, likaitwa mara ya pili. Kondakta akanitazama, akauliza, "Mzee, unapanda?" Hata yeye sikumjibu. Likaondoka.

Mimi ndiye ninayelipwa kuwapa watu nisiowajua la kusema. Nilirudi chumbani nikalala na viatu.

Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa nasubiri nipate sentensi ya kuelezea hilo, na unaona imechukua mwezi.

Uliuliza maneno ya mwenye duka nimeyatoa wapi. Nilijaribu kufikiria kama ningekuuliza umelalaje, wewe ungesema nini. Nilikaa siku nyingi na ukurasa mtupu. Mwishowe nikagundua ukurasa mtupu ndilo jibu lenyewe, maana sijawahi kukuuliza. Nikaandika hivyo.

Jibu nimelipandisha juu ya "Nunua". Mkuu alikataa, nikamwambia ampe fundi wa mapazia nafasi moja. Wamejaribisha watu mia wengine. Sitini na mmoja wamemuuliza.

Umelalaje, Dada?

Mdogo wako

*

30 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba.

Sijui. Sijazoea kuulizwa. Subiri nifikirie.

Nimefikiria. Nimelala vizuri kuliko Juni. Jicho la kushoto limefunguka na sasa naona vumbi lote nililokuwa naishi nalo, pamoja na uso wa yule wa ovaloki, ambao umezeeka bila kunipa taarifa. Nikiamka huwa nasikiliza kidogo kama kuna mtu mwingine ndani ya nyumba, kisha nanyanyuka. Hilo ndilo jibu langu, ni refu kuliko la mwenye duka.

Sitini na mmoja. Nilikwambia. Hao thelathini na tisa waliobaki, wape muda, huenda wana moshi machoni.

Habari ya kituo cha mabasi nimeisoma. Sikuwa na jibu kali hata moja, nimetafuta.

Sasa tuje kwenye vipimo vyako. Vimekosea. 142 kwa 118 ni kioo. Umepima kioo, hukupima fremu wala ukuta. Pazia la kipimo cha kioo linaacha mwanga pande zote, na ile taa yako itaingia palepale inapoingia leo. Kosa hili ulikuwa ukilifanya una miaka tisa, umevaa futi kamba yangu shingoni kama tai. Kupima mara mbili kitu kisicho chenyewe hakusaidii.

Sikati kitambaa kwa kipimo cha namna hiyo. Nakuja kupima mwenyewe. Daktari ameniruhusu kusafiri, napanda basi mwenyewe, sihitaji sahihi ya ndugu. Nafika tarehe 12 Agosti, jioni. Nitakuja na kitambaa kizito cha kijani, jora zima, ghorofa nne kwa miguu, kwa hiyo safari hii ndoo utaiona.

Sentensi ya kwanza usiitafute, ni yangu. Nitagonga niseme, "Nifungulie, mikono imejaa." Baada ya hapo ni zamu yako, na ili usikae benchi tena nimekuandikia:

*1. Karibu, Dada.*

*2. Umechelewa.*

*3. (Kaa kimya.)*

Chagua lolote. Naingia.

Dada yako